Nyumba ya Mkomani: gesti iliyotaka kuwa hoteli

Friza ndiyo iliyonifumbua macho kabla sijafungua daftari la hesabu la nyumba hii ya wageni. Ilikuwa Juni 2024, stima imekatika tangu alfajiri, na binti wa nyumba akaniomba nimsaidie kutoa vilivyomo kabla havijaoza. Tulitoa kilo saba za nyama ya kusaga, mifuko miwili ya jibini, vibanzi vya dukani vilivyogandishwa, kuku sita, na chini kabisa kamba wa mawe wanne walionunuliwa Februari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na bei ikiwa nzuri. Hatua chache kutoka hapo, kwenye jiko la zamani la kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, Bi Mkubwa mwenye nyumba alikuwa amemaliza kukaanga mahamri. Sinia ilikuwa tupu kabla ya saa mbili asubuhi. Watoto wa jirani walikuja kununua mlangoni, wengine wakarudi mikono mitupu. Vya frizani vilikuwa vimekaa miezi minne bila mlaji.

Familia imeniruhusu nikiandike kisa chao maadamu sitaji jina la mtu wala la nyumba. Mimi nimefanya kazi mapokezi, kisha stoo, kisha hesabu, katika nyumba za wageni za hapa Lamu na Shela, na nimeona kosa hili, gesti kutaka kuwa hoteli, likirudiwa mara nyingi mno na watu wenye akili timamu na nia safi. Ndiyo maana naliandika kwa kirefu.

Nyumba iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, dakika tano kwa miguu kutoka gatini, lakini ni dakika za vichochoro: kulia, kushoto, kupita chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, tena kushoto. Ni nyumba ya mawe ya zamani, ghorofa mbili, na juu kuna ukumbi wa paani uliofunikwa kwa makuti. Bi Mkubwa alipewa na babake alipoolewa, kama ilivyokuwa desturi ya Waamu, watu wa Lamu, wenye uwezo kumjengea binti nyumba yake. Mlangoni kuna daka lenye mabaraza mawili. Ukivuka mlango unaingia tekani, mahali ambapo njia inapinda makusudi ili anayepita nje asiwaone walio ndani. Kisha kiwanda, wazi juu, halafu misana, vyumba vinavyokitazama kiwanda. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na boriti ya mkoko haikupi sana zaidi ya mita tatu. Ujenzi huu tutaurudia, kwa sababu ndio uliokuwa na jibu.

Watoto ni watatu. Wa kwanza, kaka mkubwa, alihudumu miaka mingi katika hoteli kubwa za ufuoni Mombasa; alianza kwa kubeba sahani akafika kuwa msimamizi wa ukumbi wa chakula. Wa pili, binti, ni mwalimu wa shule ya msingi. Kitinda mimba ana mashua, hupeleka wageni magofu ya Takwa na kisiwa cha Manda Toto. Bi Mkubwa alipoona ngazi zinamshinda akahamia vyumba vya chini, na ghorofa za juu zikabaki tupu. Watoto wakaketi kushauriana wazifanyie nini.

Mkubwa alitaka hoteli kamili: vyumba, mkahawa wa paani ulio wazi kwa kila mtu, wahudumu waliovaa sare, menyu iliyochapishwa. Binti alitaka gesti tu, kitanda na chai ya asubuhi. Kitinda mimba alisema wageni wake wa mashua humuuliza kila siku nyumba ya kukodi nzima, familia ikae peke yake wiki moja, na mpishi wao. Kila mmoja alikuwa na biashara yake kichwani, na zote tatu zipo, zinafanya kazi, zimewalisha watu hapa Lamu. Kwa kuwa mkubwa ndiye aliyeijua kazi na ndiye aliyetoa akiba kubwa zaidi, neno lake likapita. Wakafungua Desemba 2023 wakiwa na vyumba vitano na mkahawa wa viti 24 paani. Mlangoni wakaweka kibao kizuri cha mbao kilichochongwa: "Hoteli", na jina.

Kibao hicho kilileta kituko ambacho binti alinisimulia akiwa bado hajui acheke au alie. Asubuhi ya wiki ya kwanza hamali mmoja alisimamisha mkokoteni wake mbele ya daka, akapiga hodi, akauliza, "Chapati ngapi hapa?" Alikuwa na haki kabisa. Kwa wengi wetu Kenya hoteli ni mahali pa kula; ukimwambia mtu "twende hoteli" anatazamia chai, maharagwe, chapati. Mgeni wa Ulaya akisoma neno lile lile anatazamia mapokezi ya saa 24, mtu wa kubeba mzigo, bafu ndani ya chumba, mahali pa kukaa na kunywa. Kibao kimoja kiliahidi mambo mawili, na nyumba haikuwa na hata moja kati ya hayo kwa ukamilifu.

Nilipokaa na daftari niligundua kwamba fedha zote ziliingia kasha moja na kutoka kasha hilo hilo. Kodi ya chumba, bei ya samaki wa kupaka, tipu, gesi, mshahara, sabuni ya kufulia: mistari ilifuatana kwa tarehe tu. Ikifika mwisho wa mwezi wanahesabu kilichobaki. Februari kilibaki kitu kizuri, wakafurahi. Mei hakikubaki kitu, wakakopa. Hakuna aliyeweza kusema ni nini hasa kilichofanya vizuri Februari wala kilichoharibika Mei. Wote walisema "msimu".

Nikachukua rula nikaupiga kila ukurasa mstari katikati. Kushoto vyumba, kulia mkahawa. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na binti aliifanya nami baada ya kutoka shuleni. Haya ndiyo yaliyotokea.

Februari 2024 ilikuwa na siku 29, kwa hiyo vyumba vitano vilitoa nafasi 145 za kulala. Waliuza 87, yaani asilimia 60, kwa Ksh 3,500 pamoja na chai ya asubuhi. Hiyo ni Ksh 304,500. Ukitoa chai (30,450), asilimia 15 iliyokatwa na tovuti kwa nafasi 50 zilizokuja kupitia intaneti (26,250), mishahara ya mtu wa mapokezi na msafishaji (33,000), na maji, stima na kufua (38,000), vyumba viliacha Ksh 176,800.

Mkahawa mwezi huo huo uliuza sahani tisa kwa siku, wastani wa Ksh 700 kwa sahani. Sahani 261, Ksh 182,700. Ukiitazama peke yake ni pesa. Lakini vyakula vilivyonunuliwa viligharimu 101,000, mpishi na msaidizi wake na wahudumu wawili walilipwa 74,000, gesi na stima ya friza na jokofu 31,000. Jumla 206,000. Mwezi mzuri kuliko yote ya mwanzo, mkahawa ulipoteza Ksh 23,300, na hakuna aliyejua, kwa sababu vyumba viliufunika.

Mei vyumba havikuwa na uwezo wa kumfunika mtu. Masika, kusi imeanza, mashua hazitoki kila siku. Waliuza nafasi 23 kati ya 155, wakaingiza 80,500, na baada ya gharama zote vikabaki 8,200. Kidogo sana, ila kilibaki. Mkahawa uliuza sahani tatu kwa siku, 65,100 kwa mwezi, na ukatumia 148,000. Hasara 82,900. Tazama mshahara: 74,000 Februari, 74,000 Mei. Mpishi hawezi kulipwa nusu kwa sababu hakuna aliyepanda ngazi kuja kula.

Nilimwonyesha mkubwa ukurasa wa Februari kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu cha kweli: "Kule kwetu hotelini chakula hakikuwa na shida hivi." Nikamuuliza kule baa ilikuwa ikiuza nini. Hapo alielewa kabla sijamaliza swali. Katika hoteli za ufuoni kinywaji ndicho chenye faida nono. Chupa hainyauki, haihitaji mpishi, na mgeni hunywa tatu kwa sahani moja. Baa ndiyo iliyolibeba jiko lile miaka yote, naye hakuwa na sababu ya kuliona hilo kwa kuwa alisimamia ukumbi, hakushika hesabu. Bi Mkubwa hawezi kuruhusu pombe ndani ya nyumba yake, na hakuna mtu katika familia aliyetaka kumwomba. Mimi nadhani ni sawa kabisa. Lakini ukiondoa baa, mkahawa wa paani inabidi uishi kwa chakula chenyewe, na hesabu ya chakula ni kali: wapishi wa hoteli hulenga vyakula vibichi visizidi karibu theluthi ya bei ya sahani. Hapa vilikuwa zaidi ya nusu.

Kwa nini zaidi ya nusu? Menyu ilikuwa na vyakula 31. Piza, baga, tambi, nyama ya kuchoma, pilau, biriani, samaki namna saba. Menyu ndefu ni ahadi ndefu. Kila kilichoandikwa lazima kiwepo, na chenye kuwepo bila kuliwa huishia frizani, kisha jaani. Tena nyama ya kusaga na jibini haziji Lamu kwa miguu. Zinashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, zinapanda boti, zinafika gatini, zinapanda punda au mkokoteni, na kila mkono unaozishika una haki ya ujira. Samaki na nazi ziko mlangoni. Mkubwa alikuwa akinunua ghali kile ambacho mgeni amekiacha kwao, na kukiuza kwa bei ya hapa.

Lipo na suala la mahali. Mkahawa hula macho ya wapita njia. Unataka uwe usoni, pwani kwenye barabara ya ufukweni au Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, mtu aone meza, aone wengine wanakula, asikie harufu ya mishkaki, akae. Nyumba hii imeupa mji mgongo kwa makusudi. Daka ni la kupokea mtu bila kumwingiza. Tekani ni la kuficha. Mtu wa Lamu hawezi kupita daka la nyumba ya watu, avuke kiwanda alipokaa mama wa watu, apande ngazi mbili, ati anakwenda kula. Atasimama mlangoni apige hodi, akiona hakuna jibu aondoke. Mgeni wa nje hajui hata kwamba juu kuna meza. Sahani zile tisa za Februari, nilipozihesabu, sita zililiwa na waliolala humo humo.

Kitu kile kile kinachouzuia mkahawa ndicho kinachouza malazi. Mgeni anayekuja Lamu, mji uliowekwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, anataka hasa kulala ndani ya hicho kilichofichwa: kiwanda chenye mwanga wa juu, zidaka (vishubaka) ukutani, ukimya wa kuta nene za matumbawe, adhana ya alfajiri ikishuka kutoka juu. Nyumba ilikuwa inaeleza kazi yake tangu mwanzo.

Hapa nataka nitenganishe aina za biashara, maana watu huzichanganya kama ni daraja za kitu kimoja, eti unaanza gesti ukikua unakuwa hoteli. Sivyo. Lojing'i za karibu na gati huuza kitanda cha usiku mmoja kwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mwalimu aliyehamishwa, mtu aliyekosa boti. Hapo mteja anataka neti, maji na bei, na chakula atakula nje. Gesti huuza chumba na uso wa mwenyeji. Hoteli huuza huduma ambayo haimtegemei mtu mmoja: Peponi kule Shela, iliyofunguliwa 1967, ni hoteli kwa maana kamili, iko ufukweni, na asiyelala pale anaweza kuingia akala. Hoteli za ufukweni za Malindi na Watamu zimejengwa kwa mtindo mwingine tena, mgeni anakuwa amelipia kitanda, chakula na kinywaji kabla hajatoka Italia, na hoteli inajua mapema itapika sahani ngapi. Nyumba ya kukodi nzima huuza upweke wa familia. Kulala na wenyeji huuza kukaa mezani na mama. Upande wa chakula nako ni hivyo hivyo: mkahawa hupika kwa asiyemjua, jikoni la oda hupika kwa idadi iliyokwisha kutajwa, na anayekaanga viazi vya karai barazani hupika kile kimoja anachojua kitaisha.

Sheria yenyewe inazitenganisha. Sheria ya Utalii ya 2011 inaorodhesha hoteli, hosteli, nyumba za wageni, vila, kulala na wenyeji upande wa malazi, na migahawa katika fungu lake. Ukiwa na jikoni lenye watu wanne, watu wanne wanahitaji cheti cha afya cha kushika chakula kinachopimwa upya kila miezi sita. Ushuru wa utalii wa asilimia 2 unahesabiwa juu ya mauzo, si faida. Mkahawa unaopoteza pesa unaudaiwa vile vile. Wao walikuwa wameomba kibali cha kaunti kwa kila kitu walichoandika kwenye kibao, wakalipia na wasichokitumia.

Na Ramadhani. Mwaka 2024 iliingia karibu na katikati ya Machi na kuondoka karibu tarehe 10 Aprili. Lamu mchana hakuna mkahawa unaoweka meza nje, na familia hii isingefanya hivyo hata kama ingeruhusiwa. Mwezi mzima wa kuuza mchana ukaondoka, mishahara ikabaki. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, miaka hii iko katikati ya kaskazi, msimu wenyewe wa wageni. Gesti haiumii kwa hilo. Mgeni asiyefunga anakula ndani, kwa staha, na jioni anaonjeshwa futari. Wengine huja kwa ajili hiyo hasa.

Tulikaa barazani siku ya tatu, baada ya Isha, Bi Mkubwa akiwepo. Sikutaka kumwambia mkubwa afunge mkahawa wake mbele ya nduguze. Nilisoma hesabu tu. Aliyesema ni mama: "Mwanangu, wageni wako uwalishe wangapi? Niambie hesabu yao, nitakupikia." Sentensi hiyo ndiyo ilikuwa suluhisho, na ndivyo walivyofanya.

Mkahawa wa paani ukafungwa kwa watu wa nje Julai 2024. Paani pakabaki ni pa wageni wa nyumba. Menyu ikatupwa. Kila asubuhi, kabla ya saa nne, mgeni huulizwa kama atakula nyumbani usiku, na anataka samaki, kuku au mboga. Mpishi mmoja, aliyebaki, anakwenda soko la pembeni mwa ngome na idadi mkononi. Chakula cha usiku ni Ksh 1,200 kwa mtu: supu au saladi ya maembe mabichi, wali wa nazi, samaki wa kupaka au mchuzi wa siku hiyo, tunda. Vyakula vibichi havizidi 400. Hakuna kinachobaki. Friza iliuzwa kwa mnunuzi wa samaki, na bili ya stima ikashuka mwezi huo huo.

Wahudumu wawili na msaidizi wa mpishi waliachishwa, na hilo lilikuwa zito. Walipewa notisi na haki zao, na mmoja kitinda mimba alimchukua kwenye mashua. Siandiki kana kwamba halikuwauma, liliwauma.

Wazo la kitinda mimba la kukodisha nyumba nzima lilihitaji hesabu yake, kwa sababu yeye naye alikuwa na haraka. Alitaka wafute vyumba, wauze nyumba tu, Ksh 18,000 kwa usiku. Vyumba vitano vikijaa vyote vinaleta 17,500, akasema, kwa hiyo tunazidi mia tano na tunafua mara moja. Ni kweli, ila vyumba kujaa vyote ni nadra, na nyumba nzima nayo hukaa tupu kati ya familia na familia. Agosti 2024 walipata familia mbili, moja usiku nane, nyingine sita: usiku 14, Ksh 252,000. Kama wangekuwa na hizo tu, wangekuwa chini ya vyumba vilivyojaa kwa asilimia 60 mwezi mzima, ambavyo vingeleta 325,500. Kilichowaokoa ni siku 17 zilizobaki, walipouza vyumba kimoja kimoja, nafasi 34, Ksh 119,000. Jumla 371,000.

Shida ya kuchanganya hivyo ni kwamba chumba kimoja kikishachukuliwa, nyumba nzima haiuziki tena. Wakaweka kanuni: tarehe yoyote iliyo mbali zaidi ya siku 30 inauzwa kwa nyumba nzima tu, si chini ya usiku tatu, ikifika siku 30 na haijachukuliwa, vyumba vinafunguliwa. Binti ndiye mwenye kalenda. Ameichora kwenye karatasi kubwa ya manila, nyuma ya mlango wa stoo, na hakuna anayeruhusiwa kumkubalia mgeni kwa simu kabla ya kuitazama, hata kaka mkubwa. Nimeona programu za bei kubwa zinazofanya kazi hiyo vibaya zaidi.

Kibao cha "Hoteli" kilishushwa. Sasa pameandikwa jina la nyumba peke yake. Hamali wanapita bila kuuliza chapati.

Mei 2025, mwezi ule ule wa masika, waliuza nafasi 31 kwa Ksh 3,000, wakapika sahani 38 za usiku. Iliingia 138,600, ikatoka 110,650 pamoja na mshahara wa mpishi. Vikabaki Ksh 27,950. Si pesa ya kujengea, lakini mwaka mmoja nyuma mwezi huo uliwala Ksh 74,700.

Biashara ya chakula haikufa. Ilihama. Bi Mkubwa, ambaye hakuna aliyekuwa amemhesabu kama mfanyabiashara, alianza kupika mahamri na mkate wa sinia kwa oda ya gesti nne za jirani ambazo hazitaki kuweka jiko la asubuhi. Idadi wanamtumia usiku kwa simu ya binti. Mjukuu anasambaza saa kumi na mbili na nusu, vikiwa vimefunikwa kwa kawa. Ana kasha lake mwenyewe, bati la biskuti, na hataki mtu aliguse. Ramadhani oda zinageuka kuwa za jioni, kaimati na sambusa, na huwa nyingi zaidi.

Mkubwa ndiye niliyemwazia sana. Yeye ni mtu wa mkahawa kweli, ana mkono wa kumkaribisha mtu na anajua kuendesha ukumbi. Kosa lilikuwa kumpa paa badala ya barabara. Mwishoni mwa 2024 alikodi kibanda karibu na gati, meza tatu na benchi. Jioni anauza viazi vya karai, mishkaki, samaki wa kukaanga, juisi ya ukwaju. Vyakula vitano. Hana friza, anachonunua saa tisa lazima kiishe saa nne usiku. Wageni wa nyumba ya mama yake huelekezwa huko usiku ambao hawakuomba chakula nyumbani, na wakila wanamlipa yeye, kwenye kasha lake.

Jambo moja bado halijaamuliwa. Binti anataka chumba cha sita paani, palipokuwa na meza. Ninampinga. Kila bafu jipya ni bomba jipya ndani ya ukuta wa matumbawe na chokaa, na unyevu ndio unaozila nyumba hizi. Maji yenyewe yanatoka visima vya michanga ya Shela, hayaongezeki kwa kuwa sisi tumeongeza vitanda. Isitoshe paa hilo ndilo mgeni analolipiga picha na kulitaja anapoandika maoni yake. Binti ananijibu kwamba nafasi 34 za Agosti zingekuwa zaidi. Amepeleka mchoro ofisi ya uhifadhi, tunangoja jibu, na wakati huo paani panabaki kama palivyo.